Kiboya hakizami: matatizo ya kuvua ngege na nkejje kwa ndoana Ziwa Kyoga

Kaa nusu siku kwenye mwalo wowote wa Kyoga, ziwa la katikati ya Uganda, iwe Lwampanga, Bukungu au Namasale, usikilize wavuvi wa ndoana wanaporudi. Malalamiko ni yaleyale. Kiboya hakitikisiki. Chambo kimeliwa, ndoana imerudi tupu. Wamekuja wadogo watupu. Jana walikuwepo, leo hawapo. Mialo hii imekusanya Walango, Wateso, Wasoga, Wakenye na Wanyoro, na Kiswahili cha kila mmoja kina ladha yake, lakini lawama ni moja: chambo hakifai.

Mara nyingi chambo hakina kosa. Kabla ya kubadilisha chambo, badilisha mahali, halafu kina, halafu saa. Ukijua ziwa lilivyo utaona kwa nini.

Kyoga ni pana, kilomita za mraba 1,720 hivi, lakini ni sahani ya maji: sehemu kubwa haifiki mita 4. Mto Nile unaingia na kutoka upande wa magharibi, kwa hiyo maji ya huko hubadilika. Mikono ya mashariki imetulia. Kwenye maji mafupi mayungiyungi yametanda, kingoni kuna mafunjo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji limeongezeka juu ya hayo yote. Mimea hiyo ndiyo inayoamua samaki apumue wapi, na samaki asiyepumua vizuri hali.

Nazungumzia hapa mwanzi au mshipi wa mkono, kwa samaki wa sufuria: ngege (ndiye sato, au tilapia), nkejje (ndio furu, samaki wadogo) na wenzao. Nyavu zina matatizo yake. Kila dalili nimeianza na sababu inayotokea sana, na nimetanguliza ukaguzi usiogharimu kitu.

Kiboya kimetulia tangu asubuhi

Sababu ya kwanza, na inawazidi wote: umekaa juu ya maji yasiyo na oksijeni. Chini ya mkeka mzito wa mafunjo au gugu maji jua halipenyi, upepo haupigi, na mabaki ya majani yanaoza na kumaliza oksijeni iliyokuwepo. Kambare na mmamba (ndiye kamongo) wanaishi humo bila shida kwa sababu wanapanda juu kuvuta hewa. Ngege hawezi.

Chomeka upondo chini, ukoroge kidogo, uutoe. Ukisikia harufu ya yai bovu na mapovu yakapanda kwa wingi, hapo ondoka. Tazama pia rangi. Maji meusi ya chai ya rangi yanayotoka ndani ya mafunjo ni maji ya kupita tu. Maji ya kijani ndiyo unayoyataka, kwa sababu ukijani ule ni mwani, na mwani ni chakula cha ngege. Pazuri zaidi ni pale rangi mbili zinapokutana: samaki ana kivuli upande mmoja na pumzi upande wa pili. Uwazi katikati ya mayungiyungi unafaa pia, hasa ukiwa na kiwimbi kidogo cha upepo.

Sababu ya pili ni saa. Mvuvi anajisifu kwamba saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kando ya mimea. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, inaitumia. Kwa hiyo kabla ya kupambazuka maji ya kingoni yamechoka kabisa. Jua likishapanda, kuanzia saa tatu hivi, mwani unaanza kazi na ngege anaanza kula. Ukitaka alfajiri, kaa maji ya wazi. Ukitaka kingo, lala kidogo.

Kina ndicho kinachofuata. Kwenye maji ya mita mbili na nusu, shubiri moja ni umbali mkubwa. Funga chubwi kwenye ndoana, ishushe hadi ilale chini, urekebishe kiboya mpaka ujue kina kamili. Anza na chambo shubiri moja juu ya tope. Robo saa ikipita bila kitu, kipandishe shubiri moja, kisha nyingine, hadi nusu ya maji. Watu wengi hawafanyi hivyo. Wanatupa na kungoja, kiboya kikiwa palepale kilipofungwa juma lililopita.

Halafu kelele. Mtumbwi wa mbao ni ngoma. Kasia likigonga ubavu, au mwenzako akidondosha kopo la kutolea maji, samaki wa maji mafupi wametawanyika. Tandika gunia sakafuni, nyamaza dakika ishirini, ujaribu tena kabla ya kuhama.

Sababu isiyo ya kawaida sana ni uzazi. Ngege jike hubeba mayai na watoto mdomoni, na wakati huo hali, au anakula kidogo mno. Dume analinda kiota, duara lililochimbwa chini kwenye maji mafupi, na atagonga chochote kinachoingia. Kumvua ni rahisi. Mimi nawaacha, kwa sababu hao ndio samaki wa mwakani.

Ukishapitia yote hayo, basi badilisha chambo: nyungunyungu, funza, panzi, kumbikumbi msimu wao ukifika, au donge la posho (ugali wa mahindi).

Chambo kinaliwa, samaki sioni

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, na dawa iko mbele ya macho. Tazama kiboya vizuri. Nkejje akidonoa, kiboya kinatetemeka palepale, kinatoa viduara vidogo juu ya maji, kisha kimya, kisha tena. Ngege ana namna nyingine. Anavuta chambo kwa kunyonya, anakitema, anakinyonya tena. Kiboya kinainama, kinatembea polepole shubiri moja au mbili, na mara nyingine badala ya kuzama kinainuka na kulala ubavu, kwa kuwa samaki ameinua chambo pamoja na risasi (chubwi ndogo) kutoka chini. Anayesubiri kizame kabisa anakuwa amechelewa.

Kosa kubwa ni kiboya chenyewe. Kipande cha ndala kilichokatwa ovyo kinaelea kwa nguvu mno. Ngege akikivuta anahisi uzito, anatema. Kichonge chembamba, au tumia kipande cha bua kavu la funjo chenye unene wa kidole kidogo. Jaza ndoo maji nyumbani, ongeza vipande vya risasi kimoja kimoja kwenye mshipi mpaka kiboya kizame na kibaki ncha tu. Ncha hiyo ikizamishwa na pumzi ya samaki, umepatia.

Kosa la pili ni ndoana kubwa. Wengi hununua ndoana za mbuta (ndiye sangara) kwa sababu ndizo zinazouzwa mwaloni. Mdomo wa ngege ni mdogo kuliko mwili wake unavyoonyesha. Kwa ndoana za kuvulia kwa mwanzi, ambazo namba ikipanda ndoana inapungua, tafuta namba 10 hadi 14 kwa ngege, na 16 au 18 kwa nkejje.

La tatu: mkia wa nyungunyungu unaning'inia. Samaki anakata mkia, anaondoka ameshiba. Kata nyungunyungu vipande, ufunike ndoana tu, ncha ikitokeza kidogo. La nne ni ubutu. Weka ncha ya ndoana juu ya ukucha wa dole gumba na uvute taratibu: ikishika na kukwaruza, ni kali, ikiteleza, inoe kwa kijiwe au uitupe.

Ukiwa umerekebisha yote na mtetemo wa haraka unaendelea, umezungukwa na nkejje. Amua. Ama unawataka (wakikaushwa wana wateja wao, na wanawake wa mialoni wanawajua bei kuliko mimi), utumie ndoana ndogo na uvue. Ama unataka ngege, basi kanda posho na unga kidogo wa muhogo mpaka donge liwe gumu kiasi cha kutodonoka, au usogee mbali na kingo.

Na unaponyakua, inua mkono tu. Anayevuta kwa hasira anang'oa ndoana mdomoni, midomo ya ngege si migumu.

Wanakuja wadogo watupu

Uko kitaluni. Mbuta waliingizwa Kyoga miaka ya 1950, na tangu hapo kila samaki mdogo anayetaka kukua anajificha kwenye mimea. Kadiri unavyobanana na mafunjo ndivyo unavyovua watoto. Rudi nyuma kuelekea maji ya wazi, mita kumi, kisha ishirini, ongeza ukubwa wa ndoana na donge.

Uwe na kamba yenye fundo la kipimo ndani ya mtumbwi. Nchini Uganda ngege anayeruhusiwa ni wa inchi 11 na kuendelea, yaani sentimita 28, na mbuta inchi 20, sentimita 50. Mwaka 2017 wanajeshi waliingizwa kusimamia sheria hii majini, na hoja ya kwamba ulikuwa unavua kitoweo tu haitakusaidia. Habari za leseni muulize afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kushusha mtumbwi; masharti hubadilika, na ya mwaka jana si lazima yawe ya mwaka huu.

Wa kurudisha mrudishe kwa mikono iliyolowa, maana mikono mikavu inamvua ute unaomkinga. Akiwa ameimeza ndoana, kata mshipi karibu na mdomo. Ukichokoa utamuua.

Halafu jambo moja ambalo watu hulichukulia mzaha: usihamishe samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine. Kando ya Kyoga kuna maziwa madogo, Nawampasa, Bisina na mengine, ambamo vinamasi vilimzuia mbuta kuingia. Huko ndiko walikobaki nkejje wa aina nyingi na ngege wa asili, ambaye si huyu tunayemvua Kyoga siku hizi. Ndoo moja ya maji yenye vitoto vya mbuta inaweza kuwamaliza hao wote.

Jana walikuwepo, leo hawapo

Ulipawekea alama kwa kitu gani? Ukijibu "kwa kile kichaka cha mafunjo", tatizo umelitaja mwenyewe. Vichaka vingi vya Kyoga havina mizizi chini. Ni visiwa vinavyoelea, na usiku upepo umevibeba. Unavua mahali pengine kabisa ukidhani ni palepale. Weka alama kwa vitu vya nchi kavu viwili vinavyolingana, mnara wa simu na mwembe kwa mfano, au hifadhi nukta kwenye simu.

Ikiwa mahali ni penyewe, angalia upepo wa jana jioni. Ziwa fupi likipigwa na upepo tope lote linapanda, na ngege husogea hadi litulie. Siku moja au mbili zinatosha. Usifuate uvumi wa mwaloni kwamba samaki wamehamia upande wa pili. Anayekwambia hivyo mara nyingi hakwenda.

Mshipi umekatika

Angalia ncha iliyobaki mkononi.

Imejikunja kama mkia wa nguruwe: fundo liliteleza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, uzungushe mara tano au sita. Ncha imechanikachanika: mshipi umesugua mashina ya mayungiyungi au umezeeka juani. Pitisha mita mbili za mwisho kati ya vidole. Ukihisi mikwaruzo, kata utupe. Nailoni iliyolala juani kwenye mtumbwi haifai hata kama inaonekana mpya.

Ncha imekatwa safi: huenda ni mmamba. Meno yake ni mabamba, yanakata mshipi na yanaweza kukata kidole. Usimtoe ndoana kwa mkono. Akiwa bado ameshikika, kata mshipi, mwache aende nayo.

Mvuto mmoja mzito, kisha mwepesi: mbuta amemeza nkejje aliyekuwa kwenye ndoana yako. Hilo ni bahati ya kusimulia jioni, lakini linanileta kwenye onyo. Usizungushe mshipi kiganjani, kiunoni wala mguuni. Mbuta mkubwa akikimbia, mshipi mwembamba unakata nyama hadi mfupani, na mtumbwi mwembamba unapinduka. Ufunge kwenye ubao wa mtumbwi, au uushike kwa vidole tu.

Ndoana imenasa

Legeza, usogeze mtumbwi upande wa pili, uvute kutoka huko. Ikikataa, kata. Usishuke majini kuifuata.

Njia ya kurudi imezibwa

Hapa uvuvi umekwisha. Linalobaki ni usalama.

Visiwa vya mafunjo vikihama vinaweza kufunga mlango wa ghuba nyuma yako ndani ya saa chache. Si jambo dogo: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziling'oa mikeka mingi kiasi cha kuziba njia ya maji yanapotoka Kyoga, na ziwa likafurika vijijini.

Kwanza zunguka kingo za kisiwa polepole ukitafuta ufa. Upepo wa Kyoga hugeuka, na ufa ukifunguka ni wa kupita upesi. Ukikosa, funga mtumbwi upande usiopigwa na upepo na ungoje. Kisha piga simu mwaloni mapema, betri ikiwa bado ina nguvu; simu ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Usishuke kutembea juu ya mkeka hata kama unaonekana imara. Mahali pamoja panabeba mtu mzima, hatua ya pili unatumbukia chini yake, na tundu linajifunga. Humohumo kuna mamba na nyoka.

Giza likikaribia na njia haijapatikana, au mtu ameanguka majini, piga 999 au 112 uombe polisi wa majini. Taja mwalo ulioondokea na kitu cha nchi kavu unachokiona.

Wingu jeusi likisimama, rudi kabla upepo haujafika. Ziwa fupi hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayojaza mtumbwi upesi, na kina cha mita tatu kinamzamisha mtu sawasawa na cha mita themanini. Jaketi la kujiokolea livaliwe. Kulikalia hakusaidii. Ukiona viboko, ondoka kwa njia uliyojia. Usipite kati yao na maji ya kina.

Samaki wengi wamekufa, wanaelea

Usiwaokote, usiwale, usiwauze. Sababu ya kawaida ni oksijeni kuisha baada ya dhoruba kukoroga maji ya chini. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mbuta walikufa kwa wingi Victoria na Kyoga, na serikali ilieleza kuwa ni upungufu huohuo. Mbuta huathirika mapema kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi. Lakini kwa macho huwezi kutofautisha na sumu, na wapo wanaovua kwa sumu. Mwite afisa uvuvi, mwonyeshe mahali. Usivue eneo hilo hadi aseme.

Mwili umepata shida

Ndoana iliyoingia juujuu kwenye ngozi, kizuizi chake (kile kijino cha nyuma ya ncha) kikiwa bado nje, itoe, osha kwa sabuni na maji safi. Ikiwa kizuizi kimezama, au iko karibu na jicho, shingoni au kwenye kiungo, usiivute. Kata mshipi, izuie isitikisike, nenda kituo cha afya. Ya jichoni ifunikwe kwa kikombe bila kuigandamiza. Ulizia sindano ya pepopunda.

Kuwashwa baada ya kusimama majini kingoni, kisha wiki kadhaa baadaye tumbo kuuma au damu kwenye choo: hicho huenda ni kichocho. Minyoo yake hutoka kwenye konokono wa maji mafupi. Kapime, dawa ipo na inafanya kazi. Mitishamba ya mwaloni haiui minyoo hiyo.

Samaki anaharibika kabla ya kufika mwaloni

Ziko nchi wanatoboa barafu ya ziwa ndipo wavue. Sisi ya kwetu inakuja kwa bodaboda kwenye gunia, na inayeyuka njiani. Ndiyo maana watu wanaibania, na hapo ndipo samaki wanapooza: kwa joto hili kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, iliyopondwa, tabaka juu ya tabaka, na tundu chini ya sanduku la kutolea maji.

Kama huna barafu, usirundike samaki sakafuni. Mtoe utumbo na matamvua mara tu anapokufa, mweke kivulini chini ya gunia lililolowa, hewa ikipita. Hiyo inanunua saa chache tu. Ukiwa mbali, panga kuvua asubuhi na kurudi saa sita, au mwombe mwenye kibanda cha kukausha moshini akungoje. Matamvua yakishakuwa ya kahawia na macho yakazama ndani, moshi haurekebishi kitu, huyo mfukie.